Mavyaa anadhani nina mimba, kumbe nakwepa mkia wa nguruwe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Tanga, na sasa naishi Arima, kisiwani Trinidad, nyumbani kwa mama mkwe wangu ambaye ni mjane. Mimi na mume wangu tulikutana London tukisoma, tukaoana hukohuko, na Juni mwaka huu tukahamia kwao ili awe karibu na mama yake. Mama ni Mkatoliki wa kweli, misa haimpiti, na tangu nishuke kwenye ndege amenipenda hadi naona aibu. Familia yao asili yake ni Afrika, na mama alikuwa na hamu ya siku nyingi mwanawe aoe kutoka huku kwetu. Tarehe mosi Agosti, sikukuu yao ya kukumbuka kufutwa kwa utumwa, aliniambia nivae kanga, mwenyewe akajifunga moja ya kwangu, tukaenda kwenye maandamano Port of Spain. Kila tuliyekutana naye alitambulishwa: "Huyu mkwe wangu. Katoka Afrika yenyewe."

Shida yangu ni Jumapili. Baada ya misa meza inajaa: wali, kuku aliyeiva kwenye sukari iliyounguzwa mpaka ikawa nyeusi, makaroni ya kuoka na jibini, ndizi mbivu za kukaanga, na callaloo. Callaloo ni majani ya magimbi yaliyopikwa na bamia, boga, tui la nazi na pilipili nzima, kisha yakapekechwa kwa upekecho wa mti, upekecho kabisa kama wa nyumbani. Harufu ya lile tui, Shangazi, ninaihisi nikiwa bado kitandani. Lakini humo ndani kuna mkia wa nguruwe wa chumvi. Kwenye maharage pia.

Mimi ni Mwislamu. Siku nilipouona ule mkia kwenye upawa nilimtazama mume wangu, na yeye kwa haraka akamwambia mama yake kwamba nina vidonda vya tumbo. Basi ikawa ndiyo kauli. Kila Jumapili nakula wali, ndizi na kuku, mengine nasingizia tumbo. Mama akaanza kunitibu. Asubuhi chai ya mchaichai, jioni chai ya mchaichai. Akanipikia uji. Halafu siku moja akanishika mkono, akatabasamu, akaniambia nisione haya, yeye amezaa na anajua tumbo la aina hiyo. Nikakosa la kusema. Ndani ya wiki shangazi wote wa mume wangu, wanaowaita Tantie, walikuwa wanajua, na mmoja ameshafuma soksi za njano.

Sasa miezi imekwenda na tumbo halionekani. Mama amenyamaza. Wifi yangu amenidokeza kuwa mama analia usiku, anasema mkwe wake wa Afrika anamwonea kinyaa, kwamba chakula alichorithi kwa bibi zake mimi nakiona uchafu. Imeniuma sana, maana si kweli. Kuna siku nilipika pilau ya kwetu, mama akasimama jikoni kunitazama nikikaanga vitunguu, akacheka kwamba nimeunguza kitu kisichostahili. Wao wana pelau, wanaunguza sukari badala ya vitunguu, na wanatia mbaazi na tui. Ile pilau waliikomba yote. Siku ile tulikuwa na raha.

Na sasa Krismasi inakuja. Wana keki yao nyeusi, matunda yake yanalowekwa kwenye ramu na brandi ya cheri kwa miezi. Mtungi wa mama uko chini ya kabati tangu kabla hatujafika. Wifi hapendi jiko, kwa hiyo mama ameamua mimi ndiye nitakayerithishwa hiyo keki. Nitaioka naye, na mkesha wa Krismasi waimbaji wa parang watakapopita nyumba kwa nyumba na magitaa yao, mimi ndiye nitakayekata kipande cha kwanza na kukila mbele ya watu.

Jambo la mwisho, ambalo nimelizungukazunguka. Mume wangu alisilimu kabla ya nikaha yetu. Mama yake hajui. Anasema akimwambia atamuua kwa presha. Jumapili anampeleka misa, anakaa viti vya nyuma. Callaloo anakula, ule mkia anampitishia kaka yake, anasema mchuzi si nyama. Nikimsemesha ananiambia nina haraka.

Shangazi, nifanyeje na hii keki? Nile kipande kidogo kwa heshima ya mzee? Niseme vidonda vimezidi? Au nimweleze mama mimi mwenyewe, yaishe?

Mkwe wa Arima

*

Marahaba, mwanangu.

Nimesoma barua yako nikicheka kwenye soksi za njano, nikaacha kucheka nilipofika mwisho. Umeandika kurasa nzima za mkia na keki, halafu jambo lenyewe ukalitupia chini kabisa kama mtu anayelipa nauli akishuka. Haya, tuanze na hilo.

Usimwambie mama wewe. Hilo nalisema mapema kwa sababu naona ndilo unalolikaribia, na ndilo litakalokuponza. Siku mama huyu atakaposikia kutoka kinywani mwako kwamba mwanawe si Mkatoliki tena, hatasikia neno jingine. Atasikia kwamba mwanamke wa kuja kamwibia mtoto, kambadili dini huko Ulaya, na muda wote huo alikuwa akinywa chai yake ya mchaichai kimyakimya. Hata kama ni malaika, mama gani atafikiri vingine? Siri hii ni ya mumeo. Yeye ndiye aliyetamka shahada, na yeye ndiye aliyetoka tumboni mwa huyo mama.

Lakini kabla hajaenda kwa mama yake kuna swali hukuniuliza, na nadhani unaliogopa. Alisilimu kwa kuamini, au alisilimu ili apewe mke? Mtu anayekula mchuzi wa nguruwe kila Jumapili na kusema mchuzi si nyama anakupa sababu ya kuuliza. Simhukumu, wapo wengi walioingia kwa mlango wa ndoa na leo wanawashinda waliozaliwa ndani. Ila muulize mkiwa wawili, kwa upole, na umwache ajibu hata kama jibu litachukua siku mbili. Akisema bado anajifunza, basi hilo ndilo la kumwambia mama yake: kwamba yuko safarini na anajifunza. Ukimsukuma aende kutangaza asichokuwa na hakika nacho, mama atamuuliza swali moja tu na atayumba.

Akiwa tayari, achague siku ya katikati ya wiki, jioni, barazani, mama na mwana peke yao. Si Jumapili mezani, wala mbele ya Tantie hata mmoja. Aanze kwa kumwambia kwamba vidonda vya tumbo alivitunga yeye, kwa woga wake. Hilo litamwondolea mama donge la kwanza, kwamba wewe unamdharau. Kisha aseme la dini, na aseme ni uamuzi wake. Mama atalia. Huenda akanuna, na huenda Jumapili inayofuata akaenda misa peke yake na asizungumze na mtu akirudi. Mwacheni. Presha ina dawa zake, na mumeo ahakikishe anazimeza kabla ya mazungumzo, lakini asiifanye presha ya mama yake kuwa kichaka cha kujifichia.

Na isipite Krismasi. Natazama kalenda: mwakani Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari 2026, na Ramadhani inatarajiwa kuandama siku hiyohiyo au ya pili yake. Utafunga mwezi mzima katika nyumba ya mwanamke anayekupikia uji kwa kuhofia tumbo lako? Vidonda gani hivyo vya tumbo vinavyofunga kutwa? Hamtafika popote. Ila ukilitazama upande wa pili, ni bahati iliyoje. Mama atakuwa kwenye Kwaresima yake, nyinyi kwenye Ramadhani yenu, na nyumba nzima itakuwa inajinyima. Ikiwa ukweli utakuwa umeshasemwa, huo utakuwa mwezi wa kupatana kuliko miezi yote.

Mumeo anaongea kama Mwislamu wa kwanza kukanyaga Trinidad. Mwambie aache. Hapo Arima mtu akienda kununua doubles, ile mikate miwili laini yenye mchuzi wa dengu wanayokula barabarani asubuhi, anakula chakula kinachohesabiwa kuwa kazi ya Emamool Deen na mkewe, Waislamu wa Princes Town, mwaka 1936. Nchi hiyo imekuwa na rais Mwislamu, Noor Hassanali, kuanzia 1987 hadi 1997, na alipokuwa Ikulu wageni hawakupewa pombe, wala serikali haikuanguka. Idi ya kufungua ni sikukuu ya taifa huko. Mama yako mkwe ana majirani Waislamu, amekula tambi zao za maziwa siku ya Idi, wao wanaziita sawine, na sina shaka mwaka ujao atazila tena. Uislamu haumtishi. Kinachomtisha ni mtoto wake kuwa na maisha asiyoyajua yeye.

Tena kuna la kumfariji ambalo mumeo huenda halijui. Watu wengi huko hudhani Uislamu uliletwa na Wahindi, wale walioanza kuwasili kwa meli ya Fatel Razack tarehe 30 Mei 1845 kufanya kazi za mkataba kwenye mashamba ya miwa. Wahindi waliukuta. Waafrika wa Kimandinka walikuwa wameshafika nao wakiwa watumwa, na Port of Spain walikuwa na jumuiya yao chini ya mzee aliyeitwa Jonas Mohammed Bath. Walichangishana fedha na kukomboana mmoja mmoja, na katika miaka ya 1830 waliiomba serikali ya Uingereza iwarudishe kwao Afrika. Haikuwarudisha. Mama anayejifunga kanga tarehe mosi Agosti anastahili kuisikia habari hii. Mwanawe huenda hakuiacha njia ya mababu. Huenda ameangukia njia ambayo baadhi yao walikuja nayo. Sisemi aianze nayo barazani, itaonekana kama wakili. Aiweke akiba, mama akianza kuuliza maswali.

Ndiyo maana pia nakuomba usiuseme vibaya ule mkia, hata ukiwa na mumeo chumbani. Nyama ya chumvi na samaki wa chumvi vililetwa visiwani kwa mapipa kuwalisha watumwa, kwa sababu vilikuwa rahisi na havikuoza njiani. Bibi za huyo mama walipewa makombo, wakayatia kwenye majani, bamia na tui, wakatoa chakula ambacho leo wewe mwenyewe unakinusa kitandani. Unapousukuma upawa bila kusema sababu, anaona unawasukuma wao. Ukimwambia "Mama, dini yangu hairuhusu nguruwe," hilo analielewa papo hapo. Yeye mwenyewe ana Ijumaa zake za kutokula nyama.

Kwa hiyo mumeo akishasema, siku ya pili yake nenda jikoni wewe. Omba radhi mara moja, kwa sababu ulikubali uongo ukae nyumbani kwa mtu mzima. Usijieleze sana. Kisha mwambie kuhusu mimba, wazi, kwamba haipo na haikuwapo. Hili usiliache kwa wifi wala kwa mumeo. Najua kutazamwa tumbo kila Jumapili kumekuumiza zaidi ya ulivyoandika. Zile soksi mwombe Tantie aziweke. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na nyumba yenu imeficha mno.

Baada ya hapo mwombe akufundishe callaloo kwenye sufuria yako. Badala ya mkia mtie samaki wa chumvi, wapo wanaopika hivyo hukohuko, au kaa kama unamla. Tui, pilipili nzima isiyopasuka na ile mboga yao ya kunukia wanayoiita shado beni vitafanya kazi iliyobaki. Wao waendelee na mkia wao. Usije ukaanza kuwakataza ham siku ya Krismasi katika nyumba yao, maana nimeshaona wakwe wa hivyo na mwisho wao haukuwa mzuri. Nyumba nzima ilishe kuku wa halali. Kwenye maduka ya Trinidad hawatafutwi kwa tochi. Makaroni ya kuoka sina ushauri nayo. Nilikaa Toronto jirani na Watrinidad kwa miaka, waliyajaribu kwangu mara nyingi, na sijabadili mawazo.

Sasa keki. Hapana, usile kipande kidogo kwa heshima. Si kwa sababu mbingu itaanguka, bali kwa sababu mama akija kujua baadaye kwamba ulijilazimisha ulichokatazwa mbele ya wageni wake, atafedheheka yeye. Lakini urithi usiukatae. Hapo ndipo nakuona unakosea hesabu: mama hakupi ramu, anakupa mkono wa bibi yake. Pokea.

Mtungi wake ubaki ulivyo, hiyo ni keki ya nyumba na utamsaidia kuikoroga kadiri dhamiri yako inavyoruhusu. Kama una shaka hata ya kuigusa, muulize shekhe, hilo si la kuamuliwa na mwandishi wa safu. Wewe mwombe mlowekee mtungi wa pili pamoja, mdogo. Zabibu kavu, plamu kavu, cheri, maganda ya matunda ya sukari, visagwe kama anavyosaga yeye, lakini juu yake mmimine juisi ya zabibu nyeusi iliyochemshwa na mdalasini, karafuu na kungumanga. Viache vitokote kidogo kwenye moto mdogo vinywe ile juisi, kisha vikipoa vitie kwenye friji, kwa maana bila pombe havikai chini ya kabati, vitachacha na utakuwa umetengeneza ulichokuwa unakikimbia. Wiki mbili zinatosha. Zile arki za keki soma kibandiko, nyingine zina pombe ndani. Weusi wa keki usikupe wasiwasi, unatoka zaidi kwenye sukari ya kuunguza, ileile ya pelau, na hilo ndilo somo lenyewe. Kuijua sekunde ya kuiondoa sukari motoni kabla haijawa chungu huwezi kuisoma mahali. Inabidi usimame na mtu anayeijua. Simama naye.

Waimbaji wakifika na magitaa, kata keki yenu ndogo. Na kinywaji jichukulie wewe: choya yetu ndiyo hiyo wanayoiita sorrel, inachemshwa na mdalasini na karafuu, Krismasi haiendi bila hiyo. Ya kwako usiitie kitu. Watakaotaka ramu wanajua chupa iko wapi.

Ikiwa mumeo atafika wiki ya Krismasi bila kusema, basi keki usiikate, na uongo mpya usitunge. Mwambie mama kwa kifupi kwamba wewe ni Mwislamu na ramu huli. Hilo ni lako, una haki ya kulisema leo hii bila ruhusa ya mtu. La mumeo muachie mwenyewe, na mama akikuuliza juu yake, mjibu: "Muulize mwanao." Halafu niandikie tena, kwa sababu hapo tutakuwa na mazungumzo mengine kabisa, na nitataka kujua alikujibu nini ulipomuuliza kwa nini alisilimu.

Shangazi